Tela ya Jeshi na Vumbi la Dodoma

Hotuba kwa mafundi wa kuchomelea, madereva na waongoza watalii, Dodoma

Mbukwenyi!

Ndugu mafundi, madereva wetu mnaopeleka wageni porini, wazee mliotupa heshima ya kuja, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma chini ya mwarobaini kwa sababu viti vimekwisha: asanteni sana. Mwenyekiti ameniomba nisiwachoshe. Nimemkubalia, ila hakusema mnaanza kuchoka saa ngapi.

Nimeitwa kuzungumzia hizi tela za jeshi zinazotolewa kazini, ambazo mwenye Land Cruiser au Land Rover anazitamani ili aende nazo porini kupiga kambi. Mteja akikuletea tela ya namna hiyo gereji, anakuja na simu mkononi imejaa picha. Anataka boksi, jiko la kuvuta, tangi la maji, hema la juu, sola, taa sita. Fundi unasikia hela, unaanza kupima vyuma. Mimi nawaomba muanze kwingine. Tela ya jeshi, kazi yake ya kwanza ni kutoa vitu. Kuongeza kuje baadaye, tena kwa kipimo.

Sisi wa kanda ya kati tungepaswa kulijua hili kuliko watu wengine wote, maana hapa Kongwa, mwendo mfupi tu mashariki mwa tulipokaa, vifaa vya jeshi vilivyobaki baada ya vita viliwahi kuletwa kwa wingi vije kutulimia karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza ule mradi mkubwa wa karanga. Dunia ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula, na matrekta mapya hayakupatikana kwa haraka. Wakanunua matrekta na mabuldoza ya jeshi yaliyobaki Ufilipino, yakaja kwa meli hadi Dar es Salaam yakiwa na hali ya kila namna. Kiwanda cha Vickers nacho kikachukua vifaru vya Sherman, kikavua minara na mizinga, kikatengeneza trekta lililoitwa Shervick. Kifaru cha kung'olea mibuyu! Mwaka ule wa kwanza walipanga kusafisha ekari 150,000. Walichopanda hakikufika hata sehemu ya kumi. Mashine zilikufa moja baada ya nyingine, mibuyu na mizizi ya vichaka ikawashinda, na udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa mgumu halafu una mchanga mkali unaokula chuma. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza basi, zaidi ya pauni milioni 35 zikiwa zimeteketea.

Sizungumzii siasa ya mradi ule, wala upungufu wa mvua, wala mambo mengine mengi yaliyouangusha. Nauleta hapa kwa ajili ya ule udongo unaokula chuma. Uko palepale. Ndio unaoingia kwenye beringi za tela yako.

Sasa tuitazame tela yenyewe. Ziko za aina nyingi, nitataja mbili tu mnazoweza kukutana nazo. Wamarekani walikuwa na M416, kitela kidogo cha magurudumu mawili kilichovutwa na jipu la M151. Kinaitwa cha robo tani: mzigo wake porini ni kilo 227 hivi. Kikiwa tupu kina kilo kama 260. Mwili wake ni beseni la chuma lisilovuja, maana kilitakiwa kielee kikivushwa mtoni, na sakafuni kina matundu yenye vifuniko vya kutolea maji. Waingereza wao walikuwa na Sankey, ya robo tatu ya tani, iliyotengenezwa ivutwe na Land Rover. Hiyo ni kubwa zaidi, ina nguvu, na ina breki za kujisukuma: gari likipunguza mwendo, tela inasukuma mkono wake wa mbele na breki zake zinashika zenyewe.

Mnaona hizo kilo 227? Hapo ndipo wateja wengi wanapopotea, nao mafundi wanawafuata. Mtu anaiangalia M416, anaona chuma kizito, springi nene, anasema hii ya jeshi, hii inabeba chochote. Haya, tufanye hesabu pamoja. Maji lita 60, hiyo ni kilo 60, lita moja kilo moja, hakuna ujanja. Dumu moja la dizeli la lita 20, kilo 17. Betri ya sola ya Ah 100, hizi za kawaida za madini ya risasi, kilo 30. Hema la juu lenye godoro lake, kilo 60. Tairi ya akiba ya 7.50R16 na rimu yake ya chuma, weka kilo 35. Tumefika 202. Friji ya gari hujaweka. Chakula hujaweka, sufuria, viti, meza, mtungi wa gesi. Na hilo boksi ulilotaka kumchomelea mteja je? Bati la milimita 2, lile shiti la futi 4 kwa 8, lina kilo 46 na ushee. Milimita 3 ni kilo 70. Boksi zuri lenye milango linakula shiti mbili na zaidi. Kwa hiyo kabla mteja hajapakia hata kitunguu, umeshammalizia mzigo wake wote na kupitiliza, tena kwa fedha zake.

Ndiyo maana nasema toa. Toa mihimili ya turubai ya zamani kama huitumii. Toa vishikio vya madumu na vya jembe vilivyochomelewa pembeni, hata kama vinapendeza kwenye picha. Boksi likihitajika, fremu iwe ya skwea paipu nyembamba, kuta ziwe za alumini au plaiwudi iliyopakwa rangi vizuri. Plaiwudi ya milimita 12 yenye ukubwa uleule wa shiti ina uzito karibu nusu ya lile bati la milimita 2. Mteja akitaka bati nene kwa sababu linaonekana "la kijeshi", mwonyeshe hesabu kwenye karatasi. Akiendelea kung'ang'ania, mshauri atafute tela kubwa zaidi.

Uzito nao una mahali pa kukaa. Vitu vizito, yaani maji na betri, vikae chini, katikati, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Ule mkono wa kuvutia ubebe kama sehemu ya kumi ya uzito wote wa tela ikiwa imepakiwa. Tela ya kilo 500, mkono wake uwe na kilo 50. Kupima si kazi ngumu. Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya wanunuzi wa alizeti, tundika mkono wa tela kwenye ndoano yake tela ikiwa imelala sawa, soma. Tela iliyopungukiwa mbele na kuzidiwa nyuma itaanza kucheza mkia ukifika kwenye lami ya Iringa na mwendo ukapanda. Ikianza, dereva asikanyage breki kwa nguvu. Anyooshe usukani, aachie mafuta, ipunguze yenyewe. Halafu asimame, apange mzigo upya.

Kuna jambo la kinyume pia. Springi za jeshi zilipangwa kwa ajili ya risasi na maji, kwa hiyo tela ikiwa nyepesi inarukaruka barabarani na kuvunja kila kilichomo. Hapo unaweza kupunguza bamba moja la springi, baada ya kupima uzito halisi, na kuweka shokapu kama hazipo. Springi usiichomelee kamwe, hata kidogo, hata "kwa muda". Moto unaua ugumu wake, na itakatikia njiani.

Magurudumu. Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu hapa ndipo tela inapokuwa ya kufaa au ya kero. Tela ivae tairi na rimu za gari linaloivuta. Zilezile kabisa. Ukiwa katikati ya Manyoni na Rungwa, tairi ya akiba ya gari iwe ndiyo ya akiba ya tela. Tatizo ni matundu. Land Rover za zamani na hizi Defender tunazozijua zina boliti tano kwenye duara la milimita 165.1. Land Cruiser za zamani na Hilux zina boliti sita kwenye duara la 139.7. Land Cruiser za mkonga na pickup za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 zina tano kwenye duara la 150. Tairi za 7.50R16 zinaingia kote, lakini rimu ya huku haikubali kule. Ukiwa na Sankey na gari lako ni Land Rover, umeshafika, furahi. Ukiwa na Land Cruiser, badilisha habu, au mpelekee fundi wa kukereza aliye makini atoboe upya pale penye nyama ya kutosha. Zile pete za kuongezea unene zinazofungwa kati ya habu na rimu mimi sizipendi kwa tela ya porini.

Upana wa kati ya magurudumu nao ulingane na wa gari. Mto Bubu mwezi wa nane ni mchanga mtupu. Gari likipita linabana mchanga, linaacha njia mbili ngumu kidogo. Tela yenye upana uleule inapita kwenye njia iliyokwisha kutengenezwa. Tela nyembamba inachimba mifereji yake mipya, na gari linalipa kwa klachi na dizeli. Pale mchangani punguza upepo wa tairi zote, za gari na za tela, ushuke hadi psi 18 hivi. Watu wanapunguza za gari wanasahau za tela, kisha wanalaumu injini. Na ukirudi kwenye lami jaza tena kabla ya kukimbia.

Ndoano na pete, nitapita haraka. Tela za jeshi zinakuja na pete kubwa ya chuma, tundu lake milimita 76, na gari linatakiwa liwe na ndoano yake. Magari yetu mengi yana kile kichwa cha mviringo cha milimita 50. Pete na ndoano inapiga kelele, ndiyo, unaisikia ukiwa ndani ya gari, lakini inairuhusu tela ilale kushoto na kulia kwenye makorongo kuliko kile kichwa. Kama unakwenda porini kweli, acha pete, weka ndoano kwenye gari. Minyororo ya usalama ni lazima, miwili, ipishane chini ya mkono wa tela.

Umeme: jeshi mara nyingi lilitumia volti 24 na plagi ya matundu 12. Gari lako pengine ni volti 12. Ng'oa waya wote wa zamani, usijaribu kuokoa kipande. Weka waya mpya, taa mpya, plagi ya matundu saba. Waya wa miaka arobaini uliokauka ganda ni moto unaosubiri mtu.

Sasa kuchomelea, na hapa nawasema mafundi wenzangu. Mnafika kwenye tela, mnabana waya wa ethi popote palipong'aa, mara nyingi kwenye rimu au kwenye ndoano ya gari, mnaanza kazi. Umeme wa mashine unatafuta njia ya kurudi. Ukibana ethi kwenye rimu wakati unachomelea chesisi, umeme unapita ndani ya beringi, katikati ya vile vigololi na njia yake, na kila unapopita unachoma kijidoa. Kwa macho huoni kitu. Tela inaondoka inang'aa, rangi nzuri, mteja anapiga picha. Baada ya muda beringi inaanza kunguruma, na lawama zinaangukia vumbi. Bana ethi kwenye kilekile kipande unachochomelea, karibu na moto, pamekwanguliwa hadi chuma. Tela iondolewe kwenye gari kwanza, na kama ina betri, betri ifunguliwe.

Kwenye bomba la ekseli usichomelee kitu. Kishikio cha jeki, cha waya, cha chochote, tafuta njia ya kukifunga kwa yuboliti. Chuma kilichopakwa zinki, kikwangue kwanza, na ukichomelea simama penye upepo. Ule moshi mweupe unaleta homa usiku ule ule, ukaamka unadhani ni malaria.

Na hili nalisema taratibu ili liingie. Breki shuu za tela za zamani mara nyingi zina asbesto. Mkifungua drumu, msipulize vumbi lile kwa kompresa. Limwagieni maji, lifuteni kwa kitambaa kibichi, kitambaa kiwekwe kwenye mfuko na kufungwa. Rangi ya zamani ya jeshi nayo inaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo mwenye grenda avae barakoa ya maana, siyo kitambaa cha shingoni. Hasa nyinyi vijana. Mapafu hayana spea Kariakoo.

Habu ikishafunguliwa, badilisha oili sili hata kama inaonekana nzima. Beringi ioshwe, ikaushwe, ipakwe grisi kwa kiganja hadi grisi itokee upande wa pili. Kaza nati huku ukizungusha gurudumu, kisha ilegeze kidogo hadi lizunguke huru bila kuchezacheza. Sili hiyo ndiyo mlango kati ya grisi yako na mchanga wa Kongwa niliowaambia.

Vumbi la ndani ya boksi lina tabia yake. Gari linapokwenda, nyuma yake panabaki hewa pungufu, na tela inakokotwa ndani ya wingu hilo. Hewa inanyonywa kupitia kila upenyo wa mlango wa nyuma na vumbi linaingia nayo. Raba za mlango zinasaidia nusu. Nusu nyingine ni kutoboa tundu juu mbele ya boksi, lenye kifuniko na chujio, lipokee upepo safi ukiwa kwenye mwendo. Ndani pakijaa upepo, vumbi linakosa nafasi ya kuingia. Unga wa ugali utakushukuru.

Gesi. Mtungi wa kilo 6 unatosha familia porini kwa siku nyingi. Usikae ndani ya beseni la tela. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka chini na kukaa. Nimewaambia M416 ilitengenezwa isivuje, na kisichotoa maji hakitoi gesi pia. Mtungi ukae nje, umesimama, umefungwa mkanda, kwenye kishikio kilicho wazi chini. Hata hivyo fungua vile vifuniko vya sakafuni na uwekee nyavu za kuzuia wadudu.

Tukiwa kwenye wadudu: rangi. Msipake bluu iliyokolea, wala nyeusi, tela inayokwenda mapori ya akiba ya Swaga Swaga au Rungwa. Mbung'o wanafuata rangi hizo, na ndiyo maana mitego yao inashonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi. Hata hema na maturubai muangalie. Rangi ya maziwa au ya udongo inafaa, na jua la hapa haliipashi sana. Wala msiache ile kijani ya jeshi, au mabakamabaka. Jeshi letu limeshaonya raia mara nyingi kuhusu sare na mavazi yanayofanana na yake. Mimi sitaki tela ya mteja wangu isimamishwe kila kizuizi ikiulizwa imetoka kambi gani. Kwangua, paka, maliza.

Na inapotoka pia pawe na karatasi. Nyingi ya tela hizi zinauzwa kwa mnada huko Ulaya na Marekani, na mwenye kutaka kuagiza aulize TRA na mamlaka za hapa kabla hajalipa, siyo tela ikishafika bandarini. Tela inasajiliwa kwa namba yake yenyewe, haitembei kwa kadi ya gari. Mtu akikuletea tela jioni akakwambia imetoka kambini, bei ya kutupa, haina karatasi, mwambie aondoke nayo jioni hiyohiyo.

Sasa imekwisha kutengenezwa. Inakwenda wapi kwanza? Si Rungwa. Mpeleke mteja Mtera. Lami ni nzuri, bwawa lipo, samaki wapo, na kitu kikiharibika Dodoma na Iringa zote zinafikika. Baada ya kilomita 50 za kwanza asimame, aguse kila habu kwa mgongo wa mkono. Ya vuguvugu ni sawa. Ikimchoma, beringi imekazwa mno au breki inashika. Akaze nati za magurudumu zote, maana rangi mpya chini ya nati inabanwa na nati zinalegea. Atakapolala akague usiku huohuo ni kitu gani kwenye tela hakukigusa. Akirudi, kishushwe.

Baada ya hapo aende Kondoa, aingie ile barabara ya zamani ya Kolo kwenye michoro ya miambani. Kwa kulala, hifadhi za taifa ni TANAPA na mapori ya akiba ni TAWA, kila mmoja ana vibali na tozo zake. Kwenye ardhi ya kijiji aanze kwa mtendaji, ajitambulishe, aonyeshwe pa kulala. Mgogo hakufukuzi ukimwomba, ila ukimwingilia kimya kimya kwenye malisho ya ng'ombe wake mtaongea lugha nyingine.

Maswali nitayapokea palepale kwenye tela. Iko nyuma ya jengo, juu ya stendi, gurudumu la kushoto nimelifungua na beringi ziko kwenye sinia. Njooni mguse. Lakini aliyekuwa anakula mahindi ya kuchoma akanawe kwanza, sitaki chumvi kwenye grisi yangu.